Utaratibu na Utulivu Katika Kuandaa Harusi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wanaume na wanawake, akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, tumche Mola wetu katika siku za shida na katika siku za furaha. Na khasa hizi za furaha, kwani mwenye msiba humkumbuka Mungu bila ya kukumbushwa.

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi, nyinyi mliomo humu msikitini Kiwengwa na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwa redio, juu ya matayarisho ya harusi. Huenda mtu akastaajabu kuwa jambo hili linaletwa juu ya mimbari. Lakini tumeziona nyumba ambazo wiki ya harusi haikupita ila ndugu wawili wamenuniana, na Magharibi imeswaliwa kadhaa, na baba wa nyumba ameweka rehani kitu asichoweza kukikomboa. Jambo linalogusa sala, mali na udugu kwa mara moja, pahala pake ni hapa.

Imepokewa habari ya ujumbe wa kabila la Abdul-Qays, waliotoka upande wa Bahrain kwenda Madina kuonana na Mtume (s.a.w.). Walipofika waliruka kutoka juu ya vipando vyao, kila mmoja akikimbilia kumsalimu. Mmoja wao, aitwaye Al-Ashaj, hakukimbia. Alishughulikia mizigo, akavaa nguo zake nzuri, kisha akaenda kwa taratibu. Mtume akamwambia kuwa anazo tabia mbili azipendazo Mwenyezi Mungu: upole, na kutokuwa na pupa. Tazameni basi: aliyechelewa kwa sababu ya kupanga vitu ndiye aliyesifiwa. Naye alikuwa akiiendea furaha iliyo kubwa kuliko harusi yoyote.

Na sisi tuanze na mizigo. Wa kwanza kuulizwa ni mwari mwenyewe. Mtume amefundisha kuwa mwanamwali hutakwa idhini yake, na kwa ajili ya haya aliyonayo, kunyamaza kwake huwa ni ridhaa. Hatukufundishwa kuwa kunyamaza kwa aliyetishwa ni ridhaa. Mengi yanayoripuka siku ya harusi, mzizi wake ni swali hili lililorukwa miezi kabla. Kisha mahari: Aya ya 4 ya Suratun Nisaa imeyafanya kuwa haki ya mwanamke, na hana mtu amri ya kuyageuza kitanda na kabati ila kwa ridhaa yake. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni ada zetu, na ada njema haina ubaya. Lakini zitajwe mapema, mbele ya wazee wa pande mbili, wala zisichanganywe na mahari.

Ama kuchagua siku, Waarabu wa zama za ujinga waliona mkosi kuoa katika Mfunguo Mosi. Bibi Aisha akalivunja neno hilo kwa kutaja kuwa yeye aliolewa na Mtume katika mwezi huo huo. Basi msiwapelekee wapiga ramli fedha zenu. Tazameni yale yaliyo ya kweli. Masika yakishuka, wageni watakula wapi? Na tazameni bahari, kwani kalenda yetu ya Kiislamu ndiyo kalenda ya bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua, na pwani hii ya mashariki hukupwa mbali sana, asubuhi kuelekea adhuhuri. Hapo akina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, huwa wamo majini na kamba na vigingi vyao. Mwenye kuwaita siku hizo kuja kuchambua mchele, kisha akawalaumu kwa kutokuja, amewadhulumu. Maji mafu huja kiasi ya mwezi nane na mwezi ishirini na mbili. Aweke shughuli yake hapo, atapata mikono.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Suratul Baqara, haikuja kueleza pepo wala moto. Imekuja kutuamrisha kuandika deni, liwe dogo au kubwa, mpaka muda wake. Nunueni daftari. Yaandikwe masufuria yaliyoazimwa na mwenyewe nani, mikeka mingapi, nani ameahidi mchele na nani kuni, na fedha ya nani imelipwa kwa mpishi. Daftari hilo ashike mtu mmoja mwaminifu, si watu watano. Sufuria la jirani lisilorudishwa tumeona likiwakatisha watu maamkizi kwa miaka.

Ama deni lenyewe, tunakutahadharisheni. Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipa, akajizuia kumsalia, mpaka Abu Qatada alipochukua dhamana ya dinari zile chache. Je, mtu aingie katika hatari hiyo kwa sare na mapambo ya usiku mmoja? Mnazi humlisha mtu miaka mingi. Ukiuzwa kwa ajili ya ngoma, asubuhi yake ngoma haipo na mnazi ni wa mwingine. Mtume alipomuoa Bibi Safiyya, njiani wakirudi kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, walima haukuwa na nyama wala mkate. Zilitandikwa ngozi, kila mwenye kitu akaleta alichonacho: tende, samli, jibini kavu. Wakala, na ikawa ndiyo walima. Mwenye uwezo achinje na asifu neema ya Mola wake, bali asimsahau jirani maskini, kwani Mtume amekitaja kuwa ni kiovu chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na wakaachwa mafakiri.

Na nyinyi mama zetu mnaobeba uzito wa jikoni, gawaneni zamu, ili adhana isimkute kila mmoja na mwiko mkononi. Atakayehisi hasira imempanda, na akae kitako, au ainuke akatawadhe. Mwari apewe saa zake za kulala; somo wake ana mengi ya kumfunza, na aliyechoka hafundishiki.

Ewe Mola wetu, wabarikie waliokwisha kuoana na wanaojitayarisha, walipie wenye madeni madeni yao, na uwapatanishe waliokhasimiana katika shughuli zilizopita. Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote.