Mwenye Uwanja Ana Wajibu



Mfanyakazi anapokatwa mkono na mashine ya kiwandani, mkaguzi hatosheki kumwuliza majeruhi kwa nini aliuweka mkono wake pale. Humwendea mwenye kiwanda na kumwuliza kwa nini mashine haikuwa na kinga. Swali hilo ni la haki, lakini ilichukua miaka mingi kabla halijakubalika katika sheria za nchi zenye viwanda. Leo linaulizwa juu ya intaneti, na mmoja wa waliolifikisha mbele ya Bunge la Uingereza ni Profesa Lorna Woods, mwalimu wa sheria za intaneti katika Chuo Kikuu cha Essex.

Mwaka 2018 Profesa Woods alianza kutoa mapendekezo kupitia taasisi ya Carnegie UK Trust, akishirikiana na William Perrin, aliyekuwa mtumishi wa serikali na ambaye alishiriki katika kuundwa kwa Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji na simu nchini humo. Wakati huo mjadala ulikuwa umekwama. Upande mmoja ulitaka kila neno baya lifutwe. Upande wa pili ulihofu kwamba kumpa mtu mamlaka ya kuchuja maneno ya mamilioni ya watu ni kuua uhuru wa kusema. Wataalamu hao wawili waligeuza swali lenyewe. Walieleza kuwa mtandao wa kijamii unafanana na uwanja wa watu wote, ila uwanja huo umejengwa na kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua nani aone nini na kwa utaratibu gani. Basi mwenye uwanja hana budi kuwa na wajibu wa uangalifu kwa wale anaowakaribisha.

Yafaa ieleweke kwamba wajibu huo si uzushi mpya. Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke wa Scotland aliyedai kuwa aliugua baada ya kunywa kinywaji cha chupa iliyokuwa na konokono. Iliamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji, hata kama hawakuuziana kitu. Wanasheria wa Tanzania wanaufahamu vema msingi huo, kwa kuwa sheria za nchi zilirithi mengi kutoka sheria za Kiingereza. Kisha mwaka 1972 kamati ya Lord Robens ilionyesha kuwa kanuni za usalama kazini zilikuwa nyingi mno, na mwaka 1974 Bunge la Uingereza likampa mwajiri wajibu mmoja mpana: kulinda usalama wa wafanyakazi wake kadiri inavyowezekana. Sheria hiyo ya 1974 ndiyo mojawapo ya mifano ambayo Woods na Perrin waliitumia.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwezi Novemba 2017 msichana mwenye umri wa miaka 14 aliyeishi London alifariki dunia kwa kujidhuru. Uchunguzi rasmi uliomalizika Septemba 2022 ulithibitisha kwamba mambo aliyoyaona mitandaoni yalichangia kifo chake, na kwa kiasi kisichoweza kupuuzwa. Baadhi ya mambo hayo hakuyaomba. Yalichaguliwa na mitambo ya kampuni na kuletwa mbele ya macho yake. Je, kosa hapo ni la mtoto peke yake, au la wazazi wake?

Tarehe 26 Oktoba, 2023, Sheria ya Usalama Mtandaoni iliidhinishwa nchini Uingereza. Ofcom ndiyo inayoisimamia. Kampuni inayokiuka wajibu wake yaweza kutozwa faini ya hadi paundi milioni 18 au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Wajibu juu ya mambo ya jinai ulianza kutekelezwa Machi 2025, na ule wa kuwalinda watoto Julai mwaka huo huo.

Hata hivyo, sheria hiyo si sawa kabisa na pendekezo la awali. Mahali pa wajibu mmoja mpana pamewekwa sheria ya vifungu zaidi ya 200. Aidha, mwezi Novemba 2022 serikali iliondoa sehemu iliyohusu mambo yasiyo ya jinai lakini yenye madhara kwa watu wazima, baada ya malalamiko kwamba ingebana uhuru wa kusema. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, na nchi yoyote itakayotunga sheria ya namna hiyo haina budi kuyapima. Mamlaka ya kumlinda mtoto yasigeuzwe kuwa mamlaka ya kumnyamazisha mtu mzima.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Hii ya pili inamwekea wajibu yule anayekusanya taarifa za watu, ikiwa ni pamoja na ofisi za umma. Kwa hiyo mtumishi anayeandaa kanuni hana budi kujiuliza: nani alikijenga chombo hiki, nani anafaidika nacho, na nani ana uwezo wa kukirekebisha?

Mwalimu ana kazi yake, na hawezi kuikwepa. Anaweza kumfundisha mtoto kuvuka barabara kwa uangalifu, lakini hawezi kutengeneza breki za gari. Hiyo ni kazi ya mwenye gari, na ni kazi ya serikali kumkagua.