Kiti Kilichopigwa Picha: Tuikague Idara ya Huduma za Jamii

Ndugu yangu unayesoma, wengi mliniomba niandike yale niliyozungumza na kina mama na vijana wa wadi yetu. Haya basi, ndiyo haya.

Nianze na kisa. Mama mmoja jirani yetu ana mtoto wa miaka 11 asiyeweza kutembea. Siku moja akapigiwa simu: njoo na mtoto uwanjani, kuna viti vya magurudumu. Akambeba mgongoni, akaenda. Ngoma zikapigwa, wakubwa wakahutubu, mtoto akakalishwa kwenye kiti kipya, picha zikapigwa. Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi. Halafu akaambiwa, "Kiti tunakirudisha kidogo kikaandikwe namba, utaitwa." Akambeba mwanawe tena mgongoni, akarudi nyumbani.

Hakuitwa. Baada ya miezi mitatu akaenda afisini kuuliza. Akaonyeshwa ile karatasi: "Si ulipokea? Dole hili si lako?"

Dole lilikuwa lake. Kiti hakikuwa chake.

Sasa wewe jiulize, kosa ni la nani? Wa kwanza ni aliyekichukua kiti, hilo halina mjadala. Lakini na sisi tulikuwa uwanjani siku ile, tukipiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza viti vilinunuliwa vingapi, kwa shilingi ngapi, na orodha aliitunga nani.

Barabara ikichimbika, kila mtu anaiona. Dawa zikikosekana hospitalini, kelele zitasikika. Lakini kiti cha mtoto mwenye ulemavu kikipotea, anayejua ni mama yake peke yake, na yeye nauli ya kufika afisini hana. Ndiyo maana nasema idara hii, ambayo kila kaunti inaipa jina lake, mara jinsia, mara vijana, mara utamaduni na huduma za jamii, inahitaji macho mengi kuliko bajeti yake inavyoonekana.

Macho yetu tuyaweke wapi?

Kwanza, jua unamuuliza nani. Ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii, ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, ni pesa ya serikali kuu. Ikichelewa, ukimpigia kelele waziri wa kaunti atakucheka na kukuonyesha mlango, na atakuwa na haki. Lakini kiti kilichonunuliwa kwa bajeti ya kaunti, shule ya chekechea, chuo cha ufundi cha kijijini, hayo ni ya kaunti. Ukikosea mlango, unampa mwenye makosa nafasi ya kujificha.

Pili, ifuate pesa kwa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi ni kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe, tarehe 30 Aprili. Sisi huenda kwenye kikao cha maoni ya umma, tukanywa soda, tukaandika majina, tukarudi. Safari hii nenda na swali moja tu lililoandikwa: "Mwaka jana mliweka shilingi ngapi kwa vifaa vya watu wenye ulemavu, mlitumia ngapi, na mwaka huu ni ngapi?" Swali moja lenye namba linamkosesha afisa usingizi kuliko hotuba ya nusu saa.

Tatu, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inasema ombi unaweza kuliandika kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili. Kwa hivyo usidanganywe kwamba mpaka utafute wakili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, afisa amwandikie. Kutuma ombi ni bure. Unalipia tu gharama ya kutoa nakala. Na usiulizwe "unataka ya nini?", kwa maana sheria inasema sababu yako haipunguzi haki yako. Afisi ina siku 21 za kuamua. Ikinyamaza au ikikataa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala yenye muhuri wa tarehe uliyopokelewa. Barua bila muhuri ni hadithi.

Sisi tuliandika. Siku ya 19 tukapewa ukurasa mmoja: viti kumi kwa wadi yetu.

Nne, hesabu kwa miguu yako. Tulitembea wiki mbili, nyumba hadi nyumba, wawili wawili. Tulivyoviona kwa macho ni sita. Hapa nataka mnisikize vizuri, hasa vijana wenye simu. Usichukue orodha ya watoto wagonjwa ukaibandika mtandaoni. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na kuna sheria ya kulinda habari za watu. Omba idadi, bei, na vigezo vya kuchagua. Majina yathibitishwe na wenyewe, nyumbani kwao, kwa ridhaa yao. Mama huyu ameshapigwa picha mara moja bila faida, tusimfanye chambo mara ya pili.

Tano, peleka bungeni. Kifungu cha 185 kinawapa wawakilishi wa wadi kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti. Kifungu cha 195 kinaliwezesha bunge hilo kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi. Nawe una haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Mwongozo wake utaupata kwa karani wa bunge. Lakini hapa pana kidonda. Mwakilishi wako akisimama jukwaani kugawa viti pamoja na idara, kesho ataikaguaje? Anayegawa pilau hawezi tena kuwa ndiye anayehesabu nyama. Mwambie kwa heshima: mheshimiwa, usitugawie, tukagulie.

Na mwisho wa mwaka wa fedha yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba inampa miezi sita atoe ripoti ya kila kaunti. Ripoti ikitoka, itafute ukurasa wa idara yako. Yeye anaangalia karatasi, na karatasi yetu ilikuwa na dole la haki kabisa. Kilichokosekana hakionekani kwenye karatasi. Kinaonekana nyumbani kwa yule mama.

Basi ilikuwaje? Tulipeleka ombi likiwa na saini zetu. Idara ikaitwa mbele ya kamati. Kabla kikao hakijafika, gari likaja jioni, kiti kikashushwa, bila ngoma wala mpiga picha. Mtoto sasa anasukumwa na dadake hadi shuleni. Mama alipoambiwa aweke dole tena, alisema, "Mtoto akae kwanza."

Neno hilo ndilo ningependa ulichukue. Mtoto akae kwanza, dole baadaye. Usitie saini kitu usichoondoka nacho.

Lakini hesabu haijaisha. Vilikuwa kumi, tuliona sita, kimekuja kimoja. Bado vitatu, na mahali fulani wako watoto watatu wanaobebwa mgongoni huku karatasi ikisema wamepokea. Hatuwajui bado, tunawatafuta. Kama uko wadi yetu na unajua mtoto aliyepigwa picha siku ile, zungumza na wazazi wake, halafu tuje pamoja.

Watu watasema mengi. Mimi nimeshaambiwa kwamba kelele zote hizi ni za uchaguzi, eti natafuta kiti. Nikawajibu: ni kweli, natafuta kiti. Natafuta vitatu.