Bakuli la Mwanzi na Utomvu: Kazi ya Mafundi wa Bagan



Jioni hii twataka kuwaeleza habari za kazi ya mikono ifanywayo katika nchi ya Burma, ambayo tangu mwaka 1989 jina lake rasmi ni Myanmar. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, hata wakaufikia mto Chindwin. Mto huo huingia katika mto mkuu wa Irrawaddy, na chini kidogo ya makutano hayo, ukingoni mwa Irrawaddy, pana mji wa kale uitwao Bagan. Pamebaki hapo mahekalu ya matofali zaidi ya 2,000, ambayo mengi yalijengwa katika karne ya 11 hata ya 13. Mafundi tutakaowasimulia hukaa karibu na mahekalu hayo.

Kazi yao ni kufanya mabakuli, vikombe, sinia, na vyombo virefu vyenye vifuniko mfano wa mnara, vya kuwapelekea watawa chakula. Hufanya pia kijaluba cha tambuu, cha mviringo, chenye visahani ndani yake. Watu wa pwani yetu, wajuao tambuu na popoo na chokaa, wangekitambua mara moja. Ukivitazama vyombo hivyo utadhani ni mti uliochongwa. Sivyo. Ndani mna mwanzi uliosukwa, na juu yake umepakwa utomvu wa mti. Hizi ni kazi mbili katika chombo kimoja, wala moja haifai bila ya mwenzake: mwanzi mtupu huvuja, na utomvu mtupu hausimami.

Fundi huanza kwa kuupasua mwanzi, akauchana hata ukawa chane nyembamba zenye kupindika bila kuvunjika. Kisha huzizungusha au huzisuka juu ya kielelezo cha mti kilicho na umbo la chombo atakacho. Kwa bakuli bora kabisa huchanganya chane za mwanzi na singa za farasi. Bakuli la namna hiyo waweza kulibana kwa vidole hata kingo zake zikagusana. Ukiliachia, hurudi umbo lake, wala halipasuki.

Baada ya kusuka huja utomvu. Kwa lugha ya Burma huitwa thitsi, nao hugemwa katika miti ya milima ya Shan, upande wa mashariki. Utokapo mtini rangi yake ni ya kijivu. Ukipata hewa hugeuka mweusi. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Yeyote aliyekwisha kuunguzwa na mafuta ya ganda la korosho hatastaajabu kusikia kwamba utomvu huu nao huwasha ngozi na kuivimbisha, hasa kwa mtu asiyeuzoea.

Mpako wa kwanza huingia katika nafasi zilizo kati ya chane na kuzishika pamoja. Baadaye fundi huchanganya utomvu na majivu yaliyochekechwa, kama majivu ya mifupa au ya makapi ya mpunga, akapata rojo nzito ya kuzibia kila tundu. Kisha huweka chombo katika kerezo lizungushwalo kwa upinde, akakisugua hata kikawa laini. Ndipo hupaka tena utomvu safi, mpako juu ya mpako.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mtu akitaka kukausha nguo huianika juani. Lakini utomvu huu haukauki kwa jua. Huwa mgumu kwa kuishika hewa, tena penye unyevu. Bagan ni mahali pakavu, penye joto na vumbi. Kwa hiyo mafundi huchimba vyumba chini ya ardhi, vyenye unyevu na visivyoingia vumbi, wakaviweka vyombo humo kwa siku nyingi baada ya kila mpako. Ndiyo sababu chombo kizuri huchukua miezi sita au zaidi kabla ya kwisha.

Mwisho huja nakshi. Mchoraji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huchora kwa ncha ya chuma, bila karatasi ya kunakili, akaandama rangi moja moja. Nyekundu hupatikana kwa zingefuri; kijani hupatikana kwa kuchanganya nili na unga wa jiwe la manjano. Kila rangi huhitaji kuchorwa kwake, kupakwa kwake, na kungoja kwake.

Sasa tufikiri hali ya fundi huyu. Amekwisha nunua mwanzi na utomvu, na watoto wake hula kila siku, ila chombo chake hakiuziki mpaka nusu ya mwaka ipite. Kishawishi chake si kidogo. Aweza kupunguza mipako, au kuipaka minene ili iwe michache, au kukitoa chombo chumbani kabla ya wakati. Mpako mnene hushika juu na kubaki laini chini, kisha hukunjamana. Chombo kilichoharakishwa huweza kung'aa sokoni sawasawa na kilicho bora. Hasara yake humfikia mnunuzi baadaye, nyumbani. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara hii kibaya nacho huweza kujiuza, mara moja. Hakiuziki mara ya pili, na jina la kijiji kizima huharibika pamoja nacho.

Kwa kuihifadhi kazi hii, mwaka 1924 ilifunguliwa shule ya serikali huko Bagan ya kuwafundisha vijana, na mafunzo hayo yangali yakitolewa katika chuo cha hapo. Tangu mwaka 2020 wageni wanunuzi walipungua sana, na mafundi wengi walipata taabu. Vyombo vya plastiki navyo ni rahisi, tena huuzwa kila mahali. Hivyo sifa ya kazi njema ndiyo mali yao kubwa iliyobaki.

Nasi pia tunao wasusi wa vikapu na mikeka, waseremala na wafinyanzi. Tuwaambie vijana wajifunzao kwao kwamba sehemu ya kazi isiyoonekana ndiyo ibebayo ile ionekanayo. Nasi wanunuzi, tusiulize bei tu. Tukishike chombo, tukipindue, tukitazame chini na ndani. Kisha, tukiona kimefanywa kwa haki, tumlipe fundi kwa haki vilevile, maana siku alizongoja nazo ni kazi.