MASHINE ITEMBEAYO NA HISI YA KUNUSA
(Mazungumzo ya Ofisa Habari kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Roboti imekwisha kupewa macho na masikio; pua ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, Persaud na Dodd, walitangaza pua ya elektroniki yenye uwezo wa kupambanua harufu. Lakini pua ile ilikaa mezani ikaletewa harufu. Kazi ngumu ni kuiandama harufu hadi itokako.

Mtu hudhani harufu huzidi kidogo kidogo kadiri anavyoikaribia. Sivyo. Upepo huikatakata vipande. Hatua hii ipo, hatua ya pili haipo. Tena vinusio vya kawaida, ambavyo hupashwa moto ndipo vifanye kazi, huchelewa kusafika: roboti imekwisha kupita, nayo ingali inanusa ya nyuma.

Nondo hana taabu hiyo. Akiipata harufu huukabili upepo; ikimpotea huenda kombo, kulia na kushoto, mpaka aipate tena. Manahodha wetu wangesema anapiga bisho. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza jinsi walivyolichukua papasi la nondo aliyelazwa kwanza kwa baridi ya jokofu, wakaliunga kwa nyaya nyembamba na kulipachika juu ya ndege ndogo isiyo na rubani. Mapezi mawili ya plastiki huielekeza ndege hiyo kwenye upepo, na papasi hubaki hai hadi saa 4. Muda mfupi, ndiyo, lakini unatosha kukagua ghala.

Morogoro panya buku hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini, na sifa zao ni za haki. Hata hivyo, penye gesi ya sumu hafai kutumwa panya, seuze mtu. Na hadi leo mara nyingi anayetangulia kuingia ni mzimamoto.

Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe; hutiwa harufu kali kusudi ikivuja ijulikane. Nayo ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni. Maadamu mashine hizi zingali katika majaribio, wananchi wanaombwa, waisikiapo harufu hiyo, wasiwashe wala kuzima taa, wafunge mtungi, wafungue milango na madirisha, na watoke nje ndipo wapige simu kuomba msaada.