Namba ya Mtu Mwingine

Tangu mwaka 1986, sheria ya Marekani inamtaka mwajiri akague karatasi za kila anayemwajiri. Mhamiaji asiye na kibali hakuacha kutafuta kazi kwa sababu hiyo. Alianza kutafuta namba ya hifadhi ya jamii ya kumwonyesha mwajiri, na wachuuzi wa kumuuzia wapo. Mara nyingine namba ni ya kubuni. Mara nyingine ina mwenyewe, naye hushtuka mamlaka ya kodi inapomdai kodi ya mshahara wa kiwanda ambacho hajawahi kukikanyaga. Ikiwa ni namba ya mtoto, miaka hupita kabla ya mtu kugundua.

Madhara hayo ni ya kweli. Lakini mwizi ni nani hasa?

Tarehe 12 Mei 2008, maofisa wa uhamiaji walivamia machinjio ya Postville, jimboni Iowa, wakakamata watu 389, wengi wao kutoka Guatemala. Wengi walitishiwa, kwa kutumia namba zisizo zao, shtaka la wizi wa utambulisho, lenye kifungo cha lazima cha miaka 2. Wengi wakakiri makosa mepesi zaidi, wakafungwa miezi 5. Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba kwa shtaka hilo lazima ithibitishwe kuwa mshtakiwa alijua namba ni ya mtu halisi. Wale wa Postville walikwisha kutumikia vifungo vyao, na hilo linauma.

Siku hizi upo mfumo wa kielektroniki wa kuhakiki waajiriwa. Nao hulinganisha jina na namba, kwa hiyo namba ya kubuni hunaswa, ilhali aliyebeba jina na namba halisi vya mtu mwingine anaweza kupita.