Viza ya Biashara na Jasho la Mkulima



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya viza ya biashara. Najua baadhi yenu mnajiuliza: sisi wakulima wa Soni, Bumbuli na Mlalo, ambao wengi wetu hata pasi ya kusafiria hatuna, viza yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa anayenyimwa ni mmoja, na wanaopata hasara ni wengi.

Chukueni iliki, mdalasini na pilipili manga ya Amani, kule Usambara Mashariki. Mnunuzi wa Ulaya hanunui viungo kwa kusimuliwa. Hutaka kunusa, kuuliza vimekaushwaje, kupatana bei uso kwa uso. Kwa sababu hiyo wauzaji wa mazao ya kilimo hai hukutana kila Februari mjini Nürnberg, Ujerumani, katika maonyesho ya BIOFACH. Mjumbe wetu akitaka kwenda huko, kwanza ashuke hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Awe na barua ya mwaliko, taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ada, tangu Juni 2024, ni yuro 90, wala hairudishwi akikataliwa. Kwa sheria yao jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini zaweza kuongezwa hadi 45. Na hapo hatujahesabu muda wa kungojea miadi.

Maonyesho yenyewe ni ya siku nne. Viza ikitoka siku ya tano, yafaa nini? Mnunuzi amekwisha kupatana na mwingine aliyewahi kufika. Iliki yetu inabaki ghalani, mpaka aje dalali mlangoni apange bei apendavyo. Hapo ndipo wanapokosa kazi vibarua wa kuchuma, akina mama wanaochambua na kuanika, na vijana wa kufunga mizigo. Hao hawakuomba viza yoyote.

Na anayekataliwa hupewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Mojawapo ni shaka kwamba hatarudi kwao. Mtu mwenye shamba, mke na watoto! Lakini shamba lake amelirithi kimila, hana hati. Na mazao huyauza kwa fedha taslimu, basi benki haimjui. Kukata rufani ni haki yake kisheria, ila Februari haimsubiri.

Sisemi kwamba kila nchi ifungue milango bila kuuliza. Kila dola ina haki ya kujua nani anaingia. Tunachodai ni jibu la mapema, na sababu ambayo mtu aweza kuijibu.

Lakini tusinyooshe kidole upande mmoja. Mwezi wa Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara za aina 15, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Wengi walishangilia, na sababu zao nazielewa: mchuuzi wetu mdogo hawezi kushindana na mwenye mtaji mkubwa. Hata hivyo, mwenye karoti zilizokwisha kung'olewa akibakiwa na mnunuzi mmoja badala ya wawili, nani atapanga bei? Mtanzania huvuka Horohoro kwenda Mombasa bila viza, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Wakenya walipolalamika juu ya amri ile, walikuwa na la kusema, nasi hatuna budi kuwasikiliza kama tunavyotaka Wazungu watusikilize.

Mwisho, neno kwa vikundi vya viungo. Maombi ya viza ya Ulaya hupokelewa hata miezi 6 kabla ya safari. Wanaokusudia kwenda Februari wasingoje Krismasi. Na kila aliyekataliwa ailete fomu yake kwa kamati hii tuisome pamoja, msizichane.