Rafu Tupu na Njia ya Lunga Lunga

Mimi ni wakili wala si tabibu. Mniwie radhi nikianza na karatasi.

Mama mmoja alifika ofisini kwangu na cheti cha dawa alichoandikiwa katika zahanati ya umma huku Kwale. Dirishani aliambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Bei ya duka la dawa la Diani ilimshinda. Jirani akamwuzia vidonge vilivyovushwa kwa bodaboda kutoka Horohoro, vikiwa vimefungwa katika kipande cha gazeti: havina jina, wala nambari ya toleo, wala tarehe ya kuharibika. Akaniuliza, "Bwana wakili, nikimpa mtoto nitashitakiwa?"

Nilimwambia asimpe, nikampeleka kwa mfamasia. Lakini swali lake lilinikaa moyoni, maana aliyenyimwa haki ndiye aliyeogopa sheria.

Ni kweli kwamba Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inamkataza asiye na leseni kuuza dawa. Hata hivyo, Wadigo wa Kwale na wa Tanga ni jamaa. Mtu huvuka kwenda mazishini, akarudi na kifurushi. Hata tukimkamata kila kijana wa bodaboda pale Lunga Lunga, rafu ya zahanati itabaki tupu.

Mwaka 1989, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, Serikali ilianzisha ada hospitalini. Mwaka 2013 ada ikafutwa katika zahanati na vituo vya afya. Ni jambo jema. Ila dawa isipokuwapo, mgonjwa huilipa ada ile ile dukani, tena kwa nyongeza.

Katiba ya 2010 iliziweka zahanati mikononi mwa kaunti. Kaunti huagiza dawa KEMSA, na zikichelewa kulipa madeni, shehena nazo huchelewa. Je, dawa haikuagizwa, haikulipiwa, au ilifika ikatoweka? Uvumi wa sokoni hautatujibu. Majibu yamo katika hati za maagizo, stakabadhi za kupokea mizigo na daftari la stoo.

Hati hizo si siri ya mkubwa yeyote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa atoe uamuzi ndani ya siku 21. Majina ya wagonjwa hatuyataki. Tunataka hesabu za dawa.

Barua ya kwanza iko tayari, mezani hapo mlangoni. Kalamu ipo. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba.